Kasiki 18 Ndani ya Shimo: Kuisoma Nyumba ya Shambani ya Kirumi

Ukifika Boscoreale, mji ulio kaskazini ya magofu ya Pompeii huko kusini mwa Italia, utakuta majengo ya ghorofa yamezunguka shimo kubwa. Ndani ya shimo, mita kadhaa chini ya barabara ya leo, kuna nyumba ya mawe. Ina ua mdogo wenye nguzo pande tatu. Katika ua huo, mahali ambapo mgeni angetarajia kuona bustani au sanamu, vinywa 18 vya kasiki za udongo vimechomoza ardhini. Kasiki zenyewe zimezikwa hadi shingoni.

Nyumba hiyo inaitwa Villa Regina. Iligunduliwa mwaka 1977, wakati eneo hilo likijengwa nyumba za kuishi, na wanaakiolojia wakaichimba kwa miaka michache iliyofuata. Ilikuwa chini ya mawe na majivu ya mlima Vesuvius tangu mwaka 79 BK.

Watu wengi wakisikia Warumi wanafikiria marumaru, majeshi na uwanja wa wapiganaji. Villa Regina haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni nyumba ya kazi. Kama unataka kuelewa Roma ilikula nini, ilikunywa nini, na nani alitoka jasho ili wengine wale na kunywa, nyumba hii ndogo inaeleza mengi kuliko hekalu lolote. Shida ni kwamba haijielezi yenyewe. Lazima mtu ajue aanzie wapi kuisoma.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Siku hizi ukisema villa, mtu anaona jumba lenye bwawa la kuogelea. Kwa Warumi neno hilo lilikuwa pana zaidi: lilihusu nyumba iliyo nje ya mji, shambani, iwe ya tajiri anayekuja kupumzika au ya mkulima mwenye mizabibu michache. Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya 1 BK aliyezaliwa Gades, Hispania, aliigawa villa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni makazi ya mwenye mali. Ya pili ni ya wafanyakazi na mifugo. Ya tatu ni ya mavuno: maghala, vyumba vya kukamulia, mahali pa kuhifadhia mvinyo na mafuta. Katika shamba kubwa sehemu hizo tatu zilikuwa karibu kama mitaa mitatu ya kijiji kimoja. Katika shamba dogo zilibanana chini ya paa moja.

Huko huko Boscoreale kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1900 ilichimbwa villa inayojulikana kwa jina la Publius Fannius Synistor, yenye michoro ya ukutani ya kupendeza mno: miji ya kufikirika, nguzo zilizochorwa zikaonekana kama za kweli, watu wenye ukubwa wa binadamu. Sehemu kubwa ya michoro hiyo ilibanduliwa ukutani ikauzwa, na tangu mwaka 1903 iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Nayo ni villa. Villa Regina, kwa upande wake, ina chumba cha kulia chakula chenye mapambo ya kawaida, jiko, ghala, sakafu ya kupuria nafaka, chumba cha kukamulia zabibu, na zile kasiki. Nyumba mbili, jina moja, maisha tofauti kabisa. Ndiyo maana neno hilo peke yake halikuambii kitu mpaka uulize villa ya nani, na ya kufanyia nini.

Kwa nini tunaona hadi mizizi

Magofu mengi ya nyumba za shambani za Kirumi, kuanzia Uingereza mpaka Syria, yamebaki misingi tu. Mawe yalichukuliwa na waliokuja baadaye, mbao zikaoza, na trekta zikamalizia. Mtaalamu anabaki na mstari wa ukuta na vipande vya vigae. Eneo la Vesuvius ni tofauti kwa sababu maafa yenyewe ndiyo yaliyohifadhi.

Mlima ulipolipuka, kwanza ilinyesha mvua ya mawe mepesi ya volkano kwa saa nyingi, yakarundikana juu ya mapaa na mashamba. Kisha yakaja mawimbi ya gesi na majivu ya moto yakishuka mlimani kwa kasi. Majivu yale yalijishindilia yakawa magumu, yakashika umbo la kila kilichokuwa ndani yake. Mwili, mlango, kikapu au kitanda kilipooza, kiliacha uwazi wenye umbo lake. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia uchimbaji wa Pompeii, alianza kumimina plasta ndani ya mashimo ya aina hiyo, ikaganda, majivu yakaondolewa, na watu waliokufa karne 18 nyuma wakaonekana na mikunjo ya nguo zao. Kwa Villa Regina, mmoja wa waliorudi kwa njia hiyo ni nguruwe. Umbo lake la plasta liko kwenye jumba dogo la makumbusho lililojengwa kando ya shimo. Amelala ubavu. Kila nikitazama picha yake nakumbuka kwamba siku ile shamba lilikuwa na kelele za kawaida za shamba.

Mwanamke mmoja aliifikisha mbali zaidi kazi hiyo, naye ni Wilhelmina Jashemski, mwanahistoria wa Marekani. Wenzake walipokuwa wakivutiwa na kuta, yeye aliuliza maswali kuhusu udongo. Mzizi wa mzabibu ukioza, unaacha tundu ardhini, na vijiwe vya volkano vinatumbukia humo. Jashemski na vibarua wake walivitoa vijiwe hivyo kidogo kidogo kwa vifaa vyembamba, wakatia waya, wakamimina saruji, wakasubiri, kisha wakachimba pembeni. Kilichotoka ni mzizi wa saruji wenye matawi yake yote. Katika eneo moja wazi ndani ya kuta za Pompeii, ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa soko la ng'ombe, alipata mizizi ya mizabibu zaidi ya 2,000. Ilipandwa kwa mistari, mmoja hadi mwingine futi 4 za Kirumi, yaani takriban mita 1.2. Kando ya kila mzizi palikuwa na tundu jingine, jembamba na lililonyooka: la kiguzo cha kuegemezea mzabibu. Villa Regina nayo ilikuwa na mizabibu mpaka ukutani, na leo imepandwa mingine kuizunguka.

Kuna jambo la tarehe ambalo bado linawafanya watu wabishane, nalo linahusu shamba moja kwa moja. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba mlipuko ulitokea tarehe 24 Agosti, kwa kufuata nakala za barua za Plinius Mdogo, Mrumi aliyeushuhudia akiwa kijana. Mwaka 2018 yalipatikana Pompeii maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Mwaka haukuandikwa, lakini mkaa hufutika haraka, na wengi sasa wanaona mlipuko ulikuwa wa vuli. Kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa. Agosti zabibu ziko juu ya mti. Mwishoni mwa Oktoba ziko ndani ya kasiki zikichemka.

Ifuate zabibu

Njia nzuri ya kuisoma nyumba ya aina hii ni kuacha kuuliza "hiki ni chumba gani?" na kuuliza "zabibu ilipita wapi?" Ukifanya hivyo, vyumba vinajipanga vyenyewe.

Zabibu ziliingia kwa vikapu mpaka chumba cha kukamulia. Hapo kulikuwa na jukwaa lenye sakafu ngumu iliyosakafiwa isipitishe maji, na watu walizikanyaga kwa miguu. Maji ya kwanza yalitoka kwa uzito wa miguu tu. Lakini maganda yanabaki na maji mengi, na hapo ndipo ulipohitajika mtambo. Gogo refu sana liliwekwa kwa ulalo. Kichwa chake kilibanwa kati ya nguzo za mbao zilizozikwa na kufungwa chini ya sakafu ili zising'oke, na ncha nyingine ilivutwa chini kwa kamba iliyozungushwa kwenye mhimili. Maganda yalikuwa chini ya gogo, karibu na kichwa. Ukilivuta upande mrefu, upande mfupi unakandamiza kwa nguvu nyingi. Katika Villa dei Misteri, nje kidogo ya Pompeii, mtambo huo umeundwa upya, na ncha ya gogo imechongwa kichwa cha kondoo dume. Wageni humiminika pale kuangalia michoro myekundu iliyoipa nyumba jina lake, na wengi wanapita chumba cha kukamulia bila kugeuza shingo.

Mbao za mtambo huoza, ila mashimo ya nguzo na mawe ya kuzishika hubaki. Hapo mtu anaweza kupotea kabisa. Katika vilima vya Tarhuna, Libya, kuna mawe marefu yaliyosimama wawili wawili, yametobolewa matundu ya mraba, na jiwe jingine limelazwa juu. Mwishoni mwa karne ya 19 msafiri Mwingereza H. S. Cowper aliyazunguka, akayapima, akaamini ni mahekalu ya watu wa kale. Yalikuwa mitambo ya kukamulia mafuta ya zeituni ya zama za Warumi. Matundu yale yalishika kichwa cha gogo. Simlaumu, mawe yale yamesimama kwa heshima kama milango ya msikiti. Ila kosa lake linafundisha jambo: gofu la shamba likisomwa bila kufuata zao, linageuka chochote unachotaka kukiona.

Turudi Boscoreale. Kutoka chumba cha kukamulia, maji ya zabibu yalielekea uani kwenye kasiki. Warumi waliziita dolia. Hizi hazikuwa vyungu vya mtu kubeba kichwani. Zilifinyangwa hatua kwa hatua, pete juu ya pete, zikisubiriwa zikauke kidogo kabla ya kuongezwa, kwa sababu udongo mbichi usingebeba uzito wake wenyewe. Zilikuwa ghali, na kasiki ikipasuka haikutupwa: ufa ulishonwa kwa vipande vya risasi iliyoyeyushwa, kama mtu anavyoshona kibuyu. Ndani zilipakwa utomvu wa msonobari uliochemshwa ili zisivuje. Utomvu huo uliacha ladha yake kwenye mvinyo.

Kuzizika ardhini kulikuwa na sababu. Maji ya zabibu yakichacha hutoa joto, na joto likizidi mvinyo unaharibika. Udongo unaozunguka kasiki unalimeza. Baadaye, baridi inapokuja, udongo huo huo unazuia mvinyo usipoe ghafla. Na kwa nini uani, mahali pa wazi, badala ya chumbani? Plinius Mkubwa, mjomba wa yule Mdogo, aliyeandika kuhusu kila kitu kuanzia nyota hadi vitunguu, anasema mvinyo bora wa Campania, mkoa wenye Pompeii, uliachwa nje upigwe na jua, mwezi, mvua na upepo. Kuhusu mvinyo wa Pompeii aliongeza kwamba huleta maumivu ya kichwa yanayodumu mpaka mchana wa siku inayofuata. Plinius huyu alikufa Stabiae, ng'ambo ya pili ya tambarare hiyo hiyo, alipokwenda na meli kuokoa watu siku za mlipuko.

Hesabu ya shamba dogo

Kasiki 18 za Villa Regina ziliweza kubeba jumla ya takriban lita 10,000. Namba hiyo naitumia kama kamba ya kupimia.

Warumi walipima mvinyo mwingi kwa kuleo, kipimo kilichotokana na ngozi nzima ya ng'ombe iliyoshonwa ikawa kiriba; ni karibu lita 524. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na nafasi ya kuleo 19 hivi. Columella anasema shamba la mizabibu lisilotoa angalau kuleo 3 kwa kila yugera ling'olewe, na yugera moja ni takriban robo ya hekta. Ukigawanya, unapata kwamba yugera 6 na kitu za mizabibu, yaani kama ekari 4, zingetosha kuzijaza kasiki zote kwa msimu mmoja. Ekari 4. Watu wengi wanaosoma makala haya wana jamaa mwenye shamba kubwa kuliko hilo.

Lakini shika hiyo ekari 4, maana Columella anatuachia jambo jingine lenye kushtua zaidi. Ili kuwashawishi wenye mali kwamba mizabibu inalipa, anapiga hesabu ya shamba la yugera 7, ambalo linakaribiana sana na hili tulilolipima kwa kasiki. Anaanza na mtu: mtumwa mjuzi wa mizabibu, mmoja, anayetosha kulitunza eneo lote, sesterti (sarafu za Kirumi) 8,000. Ardhi yenyewe, sesterti 1,000 kwa yugera, jumla 7,000. Mizabibu pamoja na viguzo na fito za kufungia, 2,000 kwa yugera, jumla 14,000. Yote inakuwa 29,000. Kisha anaongeza riba ya asilimia 6 kwa miaka miwili ambayo mizabibu bado haijaanza kuzaa, 3,480, na kufikisha 32,480.

Soma tena mistari miwili ya mwanzo. Binadamu yumo kwenye orodha ya gharama, juu ya ardhi na juu ya fito, na bei yake inaizidi bei ya ardhi yote. Hata anatozwa riba. Columella hakuandika hivyo kwa ukatili wa makusudi. Sauti yake ni ya mtu anayesaidia jirani kupanga bajeti. Ndicho kinachonikaa moyoni kila ninapoyasoma maandishi hayo. Mtu yule alijua kukata tawi lipi na kuacha lipi, wakati gani wa kufunga, udongo gani wa kuchimbua. Ujuzi huo ndio uliompandisha bei, na malipo yake yote yakaenda kwa aliyemuuza.

Mumfuate na mtu

Tulifuata zabibu. Sasa tumfuate aliyeibeba, na hapo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu zabibu imeacha kasiki na mtu ameacha kidogo sana.

Tunayo maandishi, yote ya wenye mali. Cato, aliyeandika karibu mwaka 160 KK, anataka shamba la mizabibu la yugera 100 liwe na watu 16: mnyapara na mwanamke wake, vibarua wa kudumu 10, mchungaji wa ng'ombe wa kulima, wa punda, wa nguruwe, na mtu mmoja wa mierebi, miti ya kukatia fito. Mnyapara mwenyewe kwa kawaida alikuwa mtumwa. Mgao wa mfanyakazi wa shambani ni modi 4 za ngano kwa mwezi wakati wa baridi, karibu debe mbili, na modi 4 na nusu wakati wa joto. Mnyapara anapata modi 3, kwa kuwa hashiki jembe. Waliofungwa minyororo wanapewa mkate kwa ratili: 4 kwa siku wakati wa baridi, 5 wanapoanza kuchimba mizabibu, kisha zinarudi 4 tini zinapoiva, maana watajazia kwa tini. Nguo ni kanzu fupi na joho mwaka mmoja wanapata, mwaka unaofuata hawapati. Cato pia anamshauri mwenye mali auze ng'ombe mzee, gari bovu, vyuma chakavu, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa. Varro, aliyeandika mwaka 37 KK, alipanga vifaa vya shamba katika makundi matatu: visivyo na sauti kama magari, vyenye sauti nusu kama ng'ombe, na vyenye kusema, yaani watumwa.

Ukiyabeba maandishi hayo ukaingia nayo ndani ya gofu, kuna mtego. Miaka mingi, kila chumba kidogo kisicho na michoro kilipachikwa jina la chumba cha watumwa. Huenda kilikuwa stoo ya majembe, au banda la kuku. Na si kila aliyefanya kazi shambani alikuwa mtumwa. Wakati wa mavuno waliletwa vibarua wa mshahara, na mashamba mengi yalikodishwa kwa wapangaji huru. Plinius Mdogo analalamika katika barua zake kwamba wapangaji wake wanadaiwa kodi na hawatalipa kamwe, na anafikiria kuacha kodi ya fedha achukue sehemu ya mazao. Anasema pia kwamba yeye hana watumwa wa minyororo. Kwa hiyo mchanganyiko wa watu ulitofautiana kwa shamba na kwa msimu, na ukuta mtupu hauwezi kukuambia nani alilala nyuma yake.

Ndiyo maana kilichotokea Civita Giuliana kina uzito. Ni villa kubwa, kama mita 700 kaskazini-magharibi ya kuta za Pompeii. Wezi wa vitu vya kale walikuwa wamechimba mahandaki chini yake kwa miaka, mpaka wanaakiolojia walipoanza kuchimba rasmi mwaka 2017 wakishirikiana na ofisi ya mwendesha mashtaka ya Torre Annunziata. Mwanzoni mwa mwaka 2021 walitoa gari la sherehe lenye mapambo ya shaba na fedha, na magazeti ya dunia nzima yakalichapisha. Novemba mwaka huo huo, karibu na hapo, walimimina plasta kwenye mashimo ya chumba kimoja cha mita za mraba 16.

Vikatokea vitanda vitatu. Ni vya mbao zisizopambwa, vinavyofunguka na kuunganishwa ili kufuata urefu wa mlalaji, vimefumwa kamba, kama kitanda cha mwakisu kwetu. Havikuwa na godoro; juu yake kuna mikunjo ya mablanketi iliyogandishwa na majivu. Viwili vina urefu wa karibu mita 1.70. Cha tatu ni mita 1.40. Chini ya vitanda kuna mitungi midogo ya vitu vya mtu binafsi. Kwenye pembe kumerundikwa mitungi minane mikubwa, maana chumba cha kulala kilikuwa stoo pia. Kuna sanduku la mbao lenye vyuma na vitambaa vinavyoonekana kuwa vya hatamu za farasi, na juu ya kitanda kimoja umelazwa mti wa kukokotea gari. Kuta ni tupu. Mwanga uliingia kwa kidirisha kimoja kidogo, juu.

Kitanda cha mita 1.40 kimewafanya wachimbaji waseme huenda alikuwemo mtoto, na kwamba hii ilikuwa familia. Mimi hukitazama kile kitanda zaidi ya lile gari la fedha. Walioling'arisha walilala hapa, na hata usiku vifaa vya kazi vilikuwa kitandani pamoja nao. Mwaka 2023 chumba kingine cha jirani kilitoa vitanda vingine na mabaki ya panya ndani ya vyombo.

Fedha ilikokwenda

Upande wa mwenye mali tunaujua vizuri zaidi, na Boscoreale inatupa mfano wake kwa ukali. Katika villa nyingine ya shamba, iitwayo La Pisanella, yenye kasiki zaidi ya 80, wachimbaji wa mwaka 1895 waliingia kwenye birika la chumba cha kukamulia na kukuta mifupa ya mtu aliyejificha humo. Pamoja naye vilikuwa vyombo vya fedha zaidi ya 100 na sarafu za dhahabu zipatazo 1,000. Vikombe viwili vimechongwa mifupa ya wanafalsafa na washairi wakifanya karamu. Hazina hiyo ilitoroshwa kutoka Italia ikauzwa Paris, na vyombo 109 viko katika jumba la makumbusho la Louvre, vingi vikiwa zawadi ya Baron Edmond de Rothschild. Villa yenyewe ilifukiwa tena. Leo huwezi kuiona.

Mvinyo nao ulisafiri. Ulitolewa kwenye kasiki ukajazwa viriba juu ya magari au mitungi ya mikono miwili, ukashuka bandarini. Mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne hiyo hiyo ya 1 BK, unasema mvinyo wa Italia ulipendwa kuliko mingine katika bandari ya Barygaza, India. Unataja pia pwani yetu, Azania, hadi soko la Rhapta: wafanyabiashara walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo wakachukua pembe za ndovu, na mahali pengine walikuja na mvinyo na ngano ambavyo havikuwa vya kuuza, bali vya kujipatia urafiki wa wenyeji. Mtungi kama huo, ukinywewa mahali fulani pwani ya Tanzania ya leo, huenda ulikuwa mwisho wa safari iliyoanzia kwenye kasiki zilizozikwa ardhini mahali kama hapa.

Namrudia yule mtu wa mierebi katika orodha ya Cato, mmoja kati ya 16. Kazi yake yote ilikuwa kuotesha na kukata fito laini, kwa sababu kila mzabibu ulifungwa kwenye kiguzo chake, na fito ilioza kila mwaka ikabidi ifungwe upya. Katika udongo wa Pompeii Jashemski alipata mzizi, na sentimita chache pembeni tundu la kiguzo, mstari baada ya mstari, mara 2,000 na zaidi. Fito haikuacha alama. Ilikuwa nyembamba mno, na ilifungwa juu, kwenye kimo cha mikono ya mtu.